Roboti, Utu na Malezi ya Mtoto Mwenye Usonji

Utamaduni wa taifa haupimwi kwa ngoma, mavazi na vinyago peke yake. Hupimwa pia, na pengine zaidi, kwa namna watu wa taifa hilo wanavyomtazama binadamu mwenzao aliye tofauti nao, na kwa jinsi wanavyomlea. Ndiyo maana swali tunalokusudia kulijadili katika insha hii, ingawa kwa sura linaonekana kuwa la mafundi na madaktari wa nchi za mbali, kwa kweli ni swali la utamaduni. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki kumpa mtoto mwenye usonji mashine iliyotengenezwa kwa mfano wa mtu, ili imsaidie kujifunza kuishi na watu?

Wapo watakaojibu upesi. Mmoja atasema kwamba maendeleo ya sayansi hayana budi kupokewa, na kwamba anayeuliza maswali anataka kuturudisha nyuma. Mwingine atasema kwamba mtu hulelewa na watu, na kumkabidhi mtoto kwa mashine ni sawa na kumtupa. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yana uvivu ndani yake, kwa kuwa hakuna hata moja lililoanza kwa kumtazama mtoto. Basi na tuanze kwa mtoto.

Mtoto Mwenyewe

Usonji si maradhi ya kuambukiza, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema kabisa katika maisha ya mtoto, na inayomfanya aupokee ulimwengu kwa njia isiyo ya wengi. Kengele ya shule, ambayo kwetu ni sauti ya kawaida, kwake yaweza kuwa maumivu. Wapo wasiosema kabisa. Wapo wasemao sana, lakini juu ya jambo moja tu wanalolipenda. Na wapo wanaorudia maneno waliyoambiwa kama mwangwi unavyorudi kutoka mlimani. Wengi hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku, na hufadhaika sana utaratibu huo ukivunjwa. Na aghalabu huona taabu kuisoma ile lugha isiyo na maneno ambayo sisi wengine tunaisoma bila kufundishwa: lugha ya jicho, ya uso uliokunjwa, ya kimya na ya kejeli.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Mwaka uliofuata, Hans Asperger wa Vienna naye aliwaeleza watoto waliofanana na hao kwa mengi. Lakini tusidhani kwamba watoto wenyewe walianza kuzaliwa mwaka huo. Walikuwapo tangu zamani, huko na huku kwetu. Kilichokosekana ni jina.

Kwa miaka mingi baada ya jina kupatikana, lawama zilimwangukia mama. Katika Ulaya na Marekani ilienezwa nadharia ya kwamba mtoto huwa hivyo kwa sababu mama yake hakumpenda, kwamba ubaridi wa mama ndio uliomfunga mtoto ndani ya nafsi yake. Kitabu cha Bruno Bettelheim cha mwaka 1967 kiliipa nadharia hiyo nguvu, japokuwa miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto wa namna hiyo, alikwisha kuonyesha kwamba asili ya hali hii imo mwilini wala haimo katika mapenzi ya mama. Sisi nasi tusiwacheke. Huku kwetu mama huyo huyo ameshitakiwa kwa laana, kwa uchawi, na kwa kuvunja mwiko alipokuwa mjamzito. Wao walimlaumu kwa lugha ya sayansi, sisi kwa lugha ya mizimu. Mzigo ulikuwa ule ule, na mbebaji alikuwa yule yule.

Hapa sina budi kusema jambo langu mwenyewe, kwa maana msomaji ana haki ya kujua anayemwambia haya ni nani. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Katika darasa langu alikuwamo mvulana mmoja ambaye, kila nilipomwuliza, "Jina lako nani?" alinijibu, "Jina lako nani?" Nilipomwambia, "Simama," alisema, "Simama," naye akaendelea kukaa. Darasa zima lilicheka. Wakati wa mapumziko hakucheza na wenzake. Aliokota vizibo vya soda na kuvipanga kwa rangi kando ya ukuta. Mimi nilimwona mkaidi mwenye dhihaka, nikamchapa. Na nilipoona kwamba fimbo haikubadili kitu, nilimchapa zaidi. Siku moja mama yake alikuja, akasimama mlangoni, akaniambia, "Mwalimu, huyu si mkaidi. Anayarudia maneno ili ayashike. Ukimngoja, atakujibu." Nami nilimjibu kwa methali: "Mama, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Hakunijibu neno. Muhula uliofuata mtoto hakurudi, na mimi sikuuliza habari zake. Neno usonji nilikuja kulisikia baadaye sana, nikiwa na mvi kichwani, na siku ile nililisikia kama hukumu.

Mashine Yenyewe

Neno roboti halikutoka kiwandani. Limetoka katika tamthilia. Mwandishi Karel Čapek wa Chekoslovakia ndiye aliyelitumia katika mchezo wake uliochapishwa mwaka 1920, kutokana na neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, yaani shokoa. Katika mchezo huo watu wanatengeneza viumbe wa kuwafanyia kazi, na mwishowe viumbe hao wanaasi na kuwaangamiza mabwana zao. Wahenga wetu walikwisha kulinena jambo hilo kwa maneno machache: kinyago umekichonga mwenyewe, usiku kinakutisha.

Lakini roboti tunayoizungumzia hapa haikuanza kwa vitisho. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Scotland, Sylvia Weir na Ricky Emanuel walimpa mtoto mmoja wa miaka 7 mwenye usonji kidude chenye magurudumu kilichoitwa kobe, ambacho kilikwenda sakafuni kwa kufuata amri za kompyuta. Mtoto alibonyeza, kobe akaenda. Alibonyeza tena, kobe akageuka. Kilichowashangaza wataalamu hao hakikuwa mwendo wa kobe. Ni kwamba mtoto yule, kwa furaha ya kuona jambo alilolikusudia likitimia, alianza kuwasiliana na watu waliokuwamo chumbani.

Tangu miaka ya mwisho ya 1990 kazi hiyo ilishika njia pana zaidi. Mwaka 1998 mtaalamu Kerstin Dautenhahn alianzisha huko Uingereza mradi wa kuchunguza jinsi roboti zinavyoweza kuwafaa watoto hawa, na mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Hertfordshire, ikatengenezwa roboti iliyopewa jina Kaspar. Kaspar ina kimo cha mtoto mdogo, na nguo zake ni za mtoto. Uso wake umerahisishwa kwa makusudi: una macho, mdomo na tabasamu, lakini hauna mikunjo mingi ya uso wa mtu. Mtoto akiigusa kwa upole, husema kwamba anaitekenya. Akiipiga, huficha uso wake kwa mikono na kusema kwamba inaumia. Aghalabu mtu mzima yupo karibu akiiongoza, naye humweleza mtoto kilichotokea. Huko Japani Hideki Kozima alibuni kidude kidogo cha rangi ya manjano kiitwacho Keepon, ambacho hakina mikono wala miguu. Kazi yake ni kutazama, kuinama na kuchezacheza. Huko Ufaransa ikatengenezwa NAO, yenye kimo cha sentimita 58, inayoweza kutembea na kusema.

Kwa nini mtoto anayekwepa macho ya watu akubali kutazama macho ya plastiki? Jibu wanalolitoa wataalamu ni rahisi kulielewa. Uso wa binadamu haukai kimya. Katika muda wa kusema "habari za asubuhi" nyusi hupanda, midomo hupinda, sauti hubadilika, na nyuma ya yote hayo yamo mawazo ambayo hayakusemwa. Kwa mtoto mwenye usonji hayo ni kama maji ya mafuriko. Roboti humpa maji hayo kwa kikombe. Inafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Leo hufanya kama ilivyofanya jana. Ikiombwa kurudia mara mia, hurudia mara mia.

Yapo matokeo ambayo tunaweza kuyataja bila kutia chumvi. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza habari za familia 12 zilizokaa na roboti nyumbani kwa mwezi mmoja. Kila siku mtoto alicheza nayo kwa nusu saa, mzazi akiwa pamoja naye katika mchezo. Watoto walionekana kuongeza uwezo wa kuelekeza macho mahali ambapo mtu mwingine anatazama, hata pale roboti ilipokuwa haipo. Nao mradi mmoja wa nchi za Ulaya, ulioanza mwaka 2014, ulikusanya kumbukumbu za mafunzo ya watoto 61, baadhi yao wakifundishwa na mtaalamu kwa njia za kawaida, baadhi wakifundishwa na mtaalamu akisaidiwa na NAO. Hizi ni hesabu ndogo. Hazitupi ruhusa ya kusema kwamba roboti inaponya usonji, na wanaoheshimu elimu yao hawasemi hivyo. Zinatuambia tu kwamba kwa baadhi ya watoto, katika baadhi ya mambo, chombo hiki hufungua mlango. Swali letu la maadili linaanzia hapo: mlango huo unaingia wapi?

Je, Mtoto Anadanganywa?

Shitaka la kwanza dhidi ya roboti ni la uongo. Inasema inaumia, nayo haiumii. Inasema imefurahi, nayo haina furaha. Je, si kumhadaa mtoto, na hasa mtoto ambaye huyachukua maneno kama yalivyo?

Shitaka hili si jepesi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa elimu ya kompyuta huko Marekani, alitangaza programu yake aliyoiita Eliza, ambayo ilimjibu mtu kwa kuyageuza maneno yake mwenyewe kuwa maswali. Hakukuwa na ufahamu wowote ndani yake. Hata hivyo, katibu wake mwenyewe, aliyejua vema namna programu hiyo ilivyotungwa, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili awe faraghani nayo. Jambo hilo lilimtia Weizenbaum hofu ambayo hakuisahau, na mwaka 1976 aliandika kitabu kizima kueleza kwamba zipo kazi ambazo hazipaswi kukabidhiwa kompyuta, hata kama kompyuta ingeziweza. Ikiwa mtu mzima aliyeelimika alinaswa hivyo, mtoto je?

Lakini tutazame pia upande wa pili, na hapa utamaduni wetu una neno la kusema. Hakuna mtoto wa Kiafrika aliyekua bila mwanasesere, awe wa matambara, wa gunzi la muhindi au wa udongo. Mtoto humwogesha, humbembeleza na kumkaripia. Wala hakuna mzazi mwenye akili timamu aliyesimama na kusema, "Acha uongo, hilo ni gunzi." Miongoni mwa Wazaramo na Wakwere, mwali aliyewekwa ndani aliweza kukabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze kama mtoto na kukipaka mafuta. Hakuwa akidanganywa, alikuwa akifundishwa. Kile kipande cha mti kilibeba mafunzo juu ya uzazi na ulezi ambayo maneno matupu yasingeweza kuyabeba.

Lugha yetu nayo imelitambua jambo hili. Tunasema "mwanasesere ameanguka", kana kwamba ana uhai, ilhali tunasema "kinyago kimeanguka". Tunasema "kiziwi amekuja", hatusemi "kimekuja". Ingawa neno lina umbo la kitu, upatanisho wa sentensi unakataa kumfanya mtu kuwa kitu. Basi Kiswahili chatufundisha kwamba uhai wa mchezo ni jambo moja, na uhai wa mtu ni jambo jingine, na kwamba msemaji ndiye mwenye wajibu wa kujua anazungumza juu ya lipi. Katika insha hii nimesema "roboti imefanya", sikusema "roboti amefanya", na nimefanya hivyo kwa kukusudia. Mtoto anayecheza na aseme "amefanya". Hiyo ni haki ya mchezo. Mtu mzima anayeiuza, anayeinunua au anayeiongoza, na akumbuke kusema "imefanya".

Kwa hiyo uongo haumo katika mchezo. Umo pale mtu mzima anapoutumia mchezo kumfunga mtoto. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Embodied ya Marekani, iliyokuwa ikiuza roboti ya watoto iitwayo Moxie, ilitangaza kufunga shughuli zake kwa kukosa fedha. Roboti hiyo ilitegemea mitambo ya mbali ya kampuni ili iweze kuzungumza, na wazazi wakaelezwa kwamba hivi karibuni ingenyamaza. Ikawabidi wawaeleze watoto wao kwamba rafiki yao anakwenda zake. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya mwana hiti na bidhaa. Mwana hiti alikuwa mali ya ukoo, na nyuma yake walikuwapo mashangazi na makungwi. Nyuma ya bidhaa lipo daftari la hesabu.

Je, Mashine Inachukua Nafasi ya Mtu?

Shitaka la pili ni zito kuliko la kwanza. Tuchukue ule mfano wa Kaspar anayepigwa. Mtoto anapiga, roboti inaficha uso na kusema inaumia, mtoto anashituka, anaacha, na baada ya siku kadhaa anajifunza kugusa kwa upole. Ni mafanikio, na mzazi ambaye watoto wake wengine walikuwa wakipigwa kila siku hatayadharau.

Lakini tujiulize: mtoto amejifunza nini? Amejifunza alama ya maumivu. Maumivu yenyewe hayakuwapo. Anayetaka kujifunza maana ya kumwumiza mwenzake hana budi siku moja kukutana na mwenzake anayeumia kweli, na kuona kwamba kosa lake limegusa kitu kisichoweza kurekebishwa kwa kubonyeza. Vivyo hivyo msamaha. Roboti haiwezi kusamehe, kwa sababu haikukosewa. Subira yake haina thamani ya subira ya mama, kwa sababu haikumgharimu chochote. Mama aliyerudia neno moja mara mia akiwa amechoka, na bado akalirudia mara ya mia na moja kwa sauti ya upole, amempa mtoto kitu ambacho hakina jina katika orodha ya vipuri.

Mtu ni watu. Methali hii haisemi kwamba mtu hawezi kutumia vyombo. Inasema kwamba utu wake unatimia kati ya watu. Kwa hiyo chombo kinachompeleka mtoto kwa watu kinamwongezea utu, na chombo kinachomweka mbali nao kinampunguzia, hata kama kinamfurahisha. Kobe wa Edinburgh alimfaa yule mtoto kwa sababu baada ya kobe palikuwa na watu waliokaa wakimngoja. Familia 12 za Marekani zilikuwa na mzazi katika kila mchezo. Mwali naye hakuwekwa ndani ili abaki ndani na kinyago. Palikuwa na siku ya kutoka, na siku hiyo kijiji kizima kilikuwa uwanjani kumpokea.

Hatari basi ni kwamba roboti itumiwe kama udhuru. Ni rahisi kwa nchi tajiri kusema: walimu wa watoto hawa ni wachache na mishahara yao ni mikubwa, basi tununue mashine. Ni rahisi pia kwa nchi maskini kusema: mashine hizi ni za maelfu ya dola, hatuziwezi, basi hatuna la kufanya. Udhuru huu wa pili ni ndugu wa ule wa kwanza. Wote wawili wanamwacha mtoto peke yake.

Nani Ajifunze kwa Nani?

Limebaki swali moja ambalo husahauliwa na wanaoitetea roboti na wanaoipinga pia. Pande zote mbili hudhani kwamba mwenye upungufu ni mtoto, na ubishi wao ni juu ya nani amsahihishe.

Chukua jambo la macho. Katika mafunzo mengi ya Ulaya na Marekani, mtoto akimtazama mwenzake machoni huhesabiwa kuwa amepiga hatua. Lakini katika jamii zetu nyingi mtoto anapozungumza na mkubwa huinamisha macho, na anayemkodolea mzee macho huambiwa kwamba hakufunzwa adabu. Basi roboti iliyotengenezwa huko, ikiletwa huku kama ilivyo, itamfundisha mtoto wetu adabu za watu wengine na kuziita afya. Itamwamkia kwa lugha isiyo ya mama yake, na haitajua kwamba shikamoo ina mwenyewe wa kuambiwa na mwenyewe wa kuitikia. Simaanishi kwamba chombo kikataliwe kwa kuwa ni cha kigeni. Sindano na kalamu vilikuwa vya kigeni pia. Namaanisha kwamba hakuna mashine isiyobeba mila za waliyoitengeneza, na anayeipokea bila kuzichambua mila hizo amepokea zaidi ya mashine.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili. Tunasema kwamba yeye hatuelewi sisi. Mbona hatusemi kwamba sisi hatumwelewi yeye? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto anayeziba masikio kengele inapolia hajakosa adabu. Sisi ndio tumekosa kujua kwamba anaumia.

Tukilitazama jambo kwa namna hii, roboti inageuka kuwa kioo, na sura tunayoiona humo ni yetu. Sifa zinazomfanya mtoto aikubali ni zipi? Haina hasira. Haimcheki. Haimwaibishi mbele ya wenzake. Inasema neno moja kwa wazi, kisha inangoja. Haibadiliki ghafla. Hakuna hata moja kati ya sifa hizi iliyo siri ya kiwandani. Zote zimo katika uwezo wa mwalimu mwenye chaki na ubao, na wa mwanafunzi anayeketi dawati moja na mwenzake asiyesema.

Ninamkumbuka yule mvulana wa vizibo. Kama mbele yake ingalikuwapo roboti badala yangu, naye akairudishia swali lake, "Jina lako nani?" ingalimwuliza tena, kwa sauti ile ile, mara ya pili na ya kumi. Pengine mara ya kumi na moja angalijibu, kama mama yake alivyosema. Roboti isingalimpenda, lakini isingalimchapa. Mimi niliyekuwa na moyo, niliyekuwa mtu kati ya watu, nilikuwa mlango aliopaswa kuupitia ili aingie katika jamii, na mlango huo niliufunga kwa fimbo na kuukomea kwa methali. Kwa hiyo siwezi kusimama leo na kuwaambia wazazi kwamba utu wetu unatutosha na kwamba hatuhitaji mashine. Utu unaotajwa majukwaani hali watoto wamefichwa vyumbani, wageni wasiwaone, haujawa utu bado. Ni kinyago chake.

Kipimo

Tumefika mahali pa kujibu. Si haki kukikataa chombo kinachomfungulia mtoto mlango kwa sababu tu kinatutia haya. Wala si haki kukipokea na kumwacha mtoto humo mlangoni. Kipimo kiwe katika maswali matatu, na kila mwalimu anaweza kuyauliza, iwe juu ya roboti, juu ya mwanasesere wa matambara, au juu ya njia yoyote ya kufundishia. La kwanza: je, baada ya chombo hiki yupo mtu anayemngoja mtoto? La pili: je, mtu mzima anasema kweli juu ya chombo hiki, kwa mtoto, kwa mzazi na kwa nafsi yake? La tatu: je, huku mtoto akijifunza njia zetu, nasi tunajifunza zake? Likikosekana jibu la ndiyo kwa lolote kati ya haya, chombo kimegeuka kuwa kinyago kile cha usiku.

Sheria ya nchi yetu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki zao, na tangu mwaka 2008 tarehe 2 Aprili huadhimishwa duniani kuwa siku ya kukumbuka usonji. Hayo ni mema, lakini sheria haiketi darasani. Darasani anaketi mwalimu, na pembeni mwake wanafunzi 60 ambao watacheka au hawatacheka kwa kumtazama yeye.

Kwenu ninyi vijana mnaosoma insha hii shuleni: huenda katika darasa lenu, au katika nyumba ya jirani, yupo mmoja anayepanga vitu vyake kando ya ukuta. Msimngojee mtaalamu aje na chombo. Kaeni karibu naye. Mwulizeni jambo moja kwa maneno machache, kisha nyamazeni mngoje. Akiwarudishia swali lenu, msicheke. Mwulizeni tena kwa sauti ile ile. Mama mmoja aliwahi kuniambia kwamba mtu akingojwa hujibu, nami sikumsikiliza.